Mkunjoni

Akiba haiozi, nimekuzwa nikiamini.
Leo, hapa Sib, siku tisa kabla ya Idi Kubwa,
nimeifunua hariri ya Isfahani
ikapasuka yenyewe, taratibu, mkunjoni,
kama mgonjwa anayekata kauli bila kukunja uso.

Miaka kumi na tisa nimeikunja palepale.
Sikuivaa, sikuitandika, sikumpa mtu.
Nilikuwa nikiitazama, kisha nikiirudisha
juu ya kabati la nguo za baridi
(baridi ipi, nchi hii?)
pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo.
Nondo hawakuja. Aliyekuja ni mkunjo.

Basi nimeyashusha masanduku yote matatu.
Shinuna, mke wa mwanangu, kasimama mlangoni
na kikombe cha kahawa, anahesabu kwa macho.
"Mama, hili duka?"
Duka huuza, mwanangu. Hii ilikuwa jela.

Kila kitambaa kina karatasi, nimeipiga pini.
Bhuj: yadi tatu, muuzaji ana nili hadi viwikoni.
Jogja: mvua, nimepunjwa bei, nimefurahi.
Madrasi: mita mbili na nusu, siku ya macho ya Nasoro.
Yeye alikuwa ndani na daktari,
mimi ng'ambo ya barabara, nachagua mistari,
huu wa zafarani au huu wa kijani,
kwa mtu ambaye jioni ile tuliambiwa
hataiona.

Mkato wa kwanza ndio wenye kutisha.
Chuma kinaingia, kitambaa kinatoa sauti ndogo,
krrr, kama mtu anayemenya kitunguu kikavu,
na macho pia yanajibu hivyohivyo.
Baada ya hapo mkono unalewa.

Ya Bhuj imekuwa mfuko wa Msahafu wa Zeyana
anayekwenda kusoma Kuala Lumpa na hajui kupiga pasi.
Ya Jogja, vishikio vya sufuria vya Umm Haitham,
jirani anayeniletea harisi kila Ramadhani
ameishika kwa ncha za baibui, anaruka njia nzima.
Hariri iliyopasuka nimeiokoa kingo mbili tu:
utepe wa mtoto ambaye bado hajapewa jina.
Cherehani inakohoa. Kiyoyozi kinaijibu.
Mistari ya Madrasi, kifuko cha miwani cha Mundhir,
miaka saba, kapimwa juzi, anaificha chini ya zulia.
Ana macho ya babu yake.

Chini kabisa, kanga. Kipande kimoja.
Doti tuliigawa, mimi na dada yangu Thuwaiba,
Dar, kwenye ngazi za duka, jua la saa saba,
tumecheka mpaka mwenye duka akatoka kutazama.
NILIKUWEKA MOYONI HUKUTAKA KUKAA.
Tulikuwa tukimsema mume wa mtu, simtaji.
Kipande chake ndicho walichomfunika Ibra,
kabla sanda haijafika.

Nimekaa nacho magotini tangu adhuhuri hadi alasiri.
Kisha nikakikata, na jina likakatika nacho.

NILIKUWEKA nimeujazia pamba, mto wa Shinuna,
ausome anavyotaka.
MOYONI umeangukia mkoba wa chakula cha shule.
Mundhir kauchukua kabla sijamaliza pindo,
kavaa miwani yake, bila kuambiwa,
na yeye Kiswahili chake ni cha kusikia tu,
ukimwita kwacho anaitika kwa Kiarabu.
Kidole juu ya herufi: Mo. Yo. Ni.
"Bibi, ni mahali?"
Ni mahali, nikamwambia.
"Mbali?"
Hapana. Kabla ya Barka.

HUKUTAKA KUKAA kimebaki mezani.
Hicho sina wa kumpa.
Nimekinyoosha kwa kiganja, nyuzi zinaning'inia,
nikakikunja tena
upande mwingine.